Itokako Pakiti: Ustadi wa Kuelekeza kwa Sera

Kila kinachosafiri katika intaneti, kiwe barua, picha ya eksirei au sauti ya mtu anayezungumza na nduguye aliye ng'ambo, hukatwa kwanza vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hutanguliwa na maelezo mafupi ambayo wahandisi huyaita kichwa. Katika toleo la nne la itifaki ya intaneti, ambalo maelezo yake rasmi yalitolewa Septemba 1981 chini ya uhariri wa Jon Postel, kichwa hicho hakipungui baiti 20, na ndani yake mna anwani mbili zenye biti 32 kila moja, ya mtumaji na ya mpokeaji. Anwani hizo husafiri pamoja mwanzo hadi mwisho, lakini ruta, yaani kifaa kinachochagua njia, kwa desturi husoma moja tu. Huitazama ya mpokeaji, hutafuta katika jedwali la njia ule mstari unaolingana nayo kwa biti nyingi zaidi, kisha humsukumia pakiti jirani aliyetajwa katika mstari huo, sawa na kondakta wa daladala anayemwuliza abiria anashuka wapi, wala hana haja ya kujua ametoka kwa nani na anakwenda kufanya nini.

Usahili wa swali hilo moja ndio uliouwezesha mtandao kuenea dunia nzima, kwa sababu ruta isiyolazimika kukumbuka wala kuhoji huhudumia kila pakiti upesi na kwa usawa. Lakini kuna mahali ambapo swali moja halitoshi. Hospitali yenye njia mbili za kutokea kwenda intaneti, moja ya bei nafuu na nyingine ya gharama kubwa lakini tulivu, haiwezi kuridhika na jedwali ambalo kwalo picha ya eksirei inayopelekwa kwa daktari bingwa na filamu inayopakuliwa na mgeni aliyeketi chumba cha kusubiri ni kitu kimoja, madhali zote mbili zinaelekea nje. Uelekezaji kwa sera ni ustadi wa kuifundisha ruta, au swichi inayofanya kazi ya ruta, isome pia anwani ya mtumaji, na inapobidi aina ya mazungumzo yenyewe, kabla ya kuamua pakiti ishike njia ipi. Ni ustadi unaostahili sifa kuliko unavyopewa, na ubora wake hupimwa kwa uchache wa masharti ambayo fundi anakubali kuyaandika, na kwa jinsi anavyoifikiria safari ya kurudi, ambayo kwa sehemu kubwa haimo mikononi mwake.

Wazo lenyewe lilitokana na swali la nani ana haki ya kupita. Itifaki ya 1981 ilimpa mtumaji uwezo wa kuorodhesha mwenyewe vituo ambavyo pakiti yake ingepitia, uwezo ambao leo umezimwa karibu kila mahali kwa kuwa wenye nia mbaya waliutumia kupenya wasikoruhusiwa. Hivyo mamlaka ya kuchagua njia yakabaki kwa mwenye mtandao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wenye mitandao walikuwa wameanza kuwa wengi. NSFNET, uti wa mgongo uliogharimiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, ulikuwa na kanuni zilizoutenga kwa ajili ya utafiti na elimu, na jedwali la njia linalomjua mpokeaji peke yake halikuwa na namna ya kutofautisha pakiti ya mtafiti na ya mfanyabiashara. Mei 1989 David Clark alitoa waraka juu ya uelekezaji kwa sera, na mwezi uliofuata Hans-Werner Braun, mmoja wa wahandisi wa NSFNET, akatoa wake, ambamo alitofautisha kudhibiti habari za njia ambazo mitandao hupashana na kudhibiti pakiti moja moja inapopita. Lile la kwanza lilipata makao katika BGP, itifaki ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichapisha Juni mwaka huohuo na ambayo hadi leo ndiyo inayounganisha mitandao mikubwa. La pili limeshuka taratibu kutoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye swichi iliyofungiwa katika kabati la chuo, benki au hospitali ya wilaya, na huko ndiko linakofanya kazi yake ya kila siku.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Kabla ya 2009, Kenya na Tanzania zilitegemea satelaiti kwa mawasiliano yao mengi ya intaneti na ulimwengu, na satelaiti za aina hiyo hukaa umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kiasi kwamba swali na jibu lake, ambayo kwa pamoja huvuka umbali huo mara nne, huchukua karibu nusu sekunde hata kama hakuna foleni yoyote njiani. SEACOM na TEAMS, mikongo ya baharini iliyotia nanga mwaka huo, na EASSy uliofuata 2010, ilibadilisha hali hiyo, na taasisi iliyobaki na dishi lake kama akiba ikajikuta na njia mbili zisizofanana kwa kasi, kwa bei wala kwa uaminifu. Mikongo nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku kama hiyo, mwenye njia ya pili iliyo nyembamba hulazimika kuamua ni mawasiliano gani yaende kwanza, na uamuzi huo hauwezi kufanywa vizuri saa ileile ya dharura kama haukuwa umeandikwa kabla katika swichi.

Kazi huanza mezani, mbali na kifaa, pale uongozi unaposema jambo kwa lugha ya watu na fundi akalazimika kuligeuza kuwa maagizo ambayo mashine itayatii bila kuyapotosha. Uongozi wa hospitali ukiagiza kwamba idara ya mionzi ipewe njia nzuri, fundi anayeijua kazi yake huuliza kama ni kompyuta zote za idara au ni seva moja tu inayohifadhi picha. Kama ni safari zote au ni zile tu zinazotoka nje ya uzio wa hospitali. Na kama njia nzuri ikikatika, picha zisubiri au zipite ile ya kawaida. Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwa picha ya mgonjwa anayesubiri upasuaji, kufika polepole ni bora kuliko kutofika. Kwa malipo ambayo mkataba na benki unataka yapite katika kiungo mahususi, kutofika ni bora kuliko kupita kusikoruhusiwa. Hakuna swichi inayoweza kulijibu swali hilo, na fundi anayelijibu kimyakimya kwa niaba ya wenye kazi amejitwika mamlaka yasiyo yake.

Majibu yakipatikana, maandishi yenyewe huwa mafupi. Swichi inayohusika hapa ni ile iitwayo ya tabaka la tatu, ambayo licha ya kupitisha data kati ya milango yake kama swichi ya kawaida, ina jedwali la njia na hufanya kazi ya ruta kati ya VLAN, yaani mitandao pepe inayotenganisha idara zinazotumia nyaya zilezile. Fundi huandika kwanza orodha ya ruhusa, ambayo kazi yake ni kutambua pakiti kwa anwani ya zitokako, ya ziendako, au namba ya huduma. Kisha huandika ramani ya njia, ambayo ni mfululizo wa vifungu vyenye namba, kila kimoja kikiwa na sehemu ya kulinganisha, inayotaja orodha, na sehemu ya kuweka, inayotaja kituo kinachofuata, yaani anwani ya jirani atakayekabidhiwa pakiti. Mwishoni ramani hubandikwa kwenye kiolesura ambacho pakiti huingilia, kwa kuwa uamuzi lazima ufanyike pakiti inapofika. Mwanafunzi anayeibandika upande wa kutokea hushangaa kwa nini hakuna kinachobadilika. Desturi ya kuvipa vifungu namba 10, 20, 30 badala ya 1, 2, 3 ni ya kiungwana, kwani humwachia fundi ajaye nafasi ya kuingiza neno katikati bila kulibomoa la mwenzake.

Kifungu cha 10 kinafaa kutazamwa kwa karibu, maana humo ndimo ukomavu wa fundi unapojulikana. Seva ya picha yenye anwani 10.20.0.5 haizungumzi na ulimwengu wa nje tu. Siku nzima huzungumza na kompyuta za madaktari katika jengo la pili, zenye anwani zinazoanza na 10.30. Ramani inayosema kwamba kila kitokacho 10.20.0.5 kipelekwe kwa jirani wa kiungo cha gharama itanasa pia pakiti hizo za ndani na kuzitupa nje, kwa sababu agizo la kawaida la kuweka kituo kinachofuata huipa sera kipaumbele juu ya jedwali lote, hata pale ambapo jedwali linaijua njia ya kufika chumba cha jirani. Matokeo yake ni kwamba picha zinafika kwa bingwa aliye nchi nyingine huku daktari aliye ghorofa ya juu akishindwa kuziona. Ndipo kifungu cha 10 kinapotangulia vingine kwa kuzitaja pakiti zinazoelekea anwani za ndani na kuzitoa katika sera. Kifungu cha kukataa katika ramani ya aina hii hakiiangamizi pakiti, kama kifanyavyo katika orodha ya ulinzi. Huirudisha tu kwenye jedwali la kawaida ikaelekezwe kama wengine. Baadhi ya vifaa vina agizo la pili, lililo jororo zaidi, linaloiambia swichi itumie kituo cha sera iwapo tu jedwali halina mstari mahususi wa mahali pakiti inapokwenda, na fundi mwenye uzoefu huchagua kati ya maagizo hayo mawili akijua tofauti yake kama ajuavyo njia ya kwenda kwao.

Pakiti isiyolingana na kifungu chochote nayo hurudi kwenye jedwali. Hapa pana hekima ya waliobuni utaratibu huu: sera imewekwa iwe jambo la pekee juu ya sheria ya jumla, na kila ambacho fundi hakukitaja kinaendelea kuhudumiwa kama zamani. Anayeielewa hekima hiyo hulielekeza jedwali kwenye kiungo ambacho wengi watakitumia, kisha huandika kifungu kwa wachache tu wanaostahili kutolewa kundini. Asiyeielewa huandika kifungu kwa kila idara, hata zile ambazo zingepita palepale bila kuambiwa, na baada ya miaka miwili swichi huwa na vifungu 40 ambavyo hakuna anayethubutu kuvigusa.

Uchache huo una sababu nyingine, iliyomo ndani ya chuma chenyewe. Mlango wa gigabiti moja ukijazwa pakiti ndogo kabisa hupokea pakiti 1,488,095 kwa sekunde, na swichi yenye milango 48 ya aina hiyo, ikibanwa yote kwa pamoja, hubaki na wastani wa nanosekunde 14 kwa kila pakiti, muda ambao mwanga ndani ya uzi wa kioo hausafiri hata mita 3. Hakuna prosesa ya kawaida inayoweza kusoma orodha mstari kwa mstari ndani ya muda huo. Swichi hutumia kumbukumbu ya pekee iitwayo TCAM, ambayo haiulizwi kilichomo katika chumba fulani, kama zilivyo kumbukumbu nyingine, bali huonyeshwa kitu na vyumba vyake vyote hujibu kwa mara moja ni kipi kinacholingana nacho. Na kila chembe yake hushika hali moja kati ya tatu, sifuri, moja, au yoyote ile, ili kifungu kiweze kusema kwamba biti hizi ni lazima na zile si hoja. Ni kifaa cha ajabu, lakini ni cha bei kubwa, hula umeme mwingi, na nafasi yake ni finyu. Katika baadhi ya familia za swichi, zikiwemo Catalyst 3560 na 3750 za Cisco, nafasi hiyo hugawanywa kwa kiolezo, na fundi asiyechagua kwanza kiolezo cha uelekezaji na kuiwasha swichi upya hatapata mahali pa kuiweka sera hata akiiandika bila kosa.

Sharti lisiloweza kuingia katika TCAM hupelekwa kwa prosesa kuu, ambayo kasi yake haikaribii ya chuma, na prosesa hiyo ndiyo inayoshughulikia pia mazungumzo na ruta nyingine na maagizo ya fundi mwenyewe. Ikizidiwa, swichi nzima huanza kuyumba kwa ajili ya pakiti za idara moja. Kwa hiyo fundi husoma kitabu cha kifaa chake kabla ya kukisifu, ajue ni masharti gani hutekelezwa na chuma na yapi huangukia prosesa. Hujifunza pia kutoziamini hesabu kwa haraka, kwani katika swichi kadhaa idadi ya pakiti inayoonyeshwa kando ya kila kifungu ni ya zile zilizopitia prosesa tu, na sifuri inayomtia mwanafunzi hofu inaweza kuwa dalili kwamba kazi yote inafanywa pale inapostahili. Ushahidi wa kuaminika hutafutwa kwenye kompyuta ya mtumaji: kufuatilia njia kituo kwa kituo kutoka hapo, na kuona ni jirani yupi anajibu baada ya swichi.

Safari ya kurudi ndiyo inayowashinda wengi. Sera huamua pakiti itokee wapi, lakini jibu huja kwa njia ambayo mitandao ya wengine imeichagua kwa kuitazama anwani iliyoandikwa na mtumaji. Hospitali iliyopewa na kampuni mbili za intaneti mafungu mawili ya anwani, mathalan 192.0.2.0 na 198.51.100.0, ambayo yametengwa kwa mifano ya vitabuni, haiwezi kuitoa pakiti yenye anwani ya fungu la kwanza kupitia kampuni ya pili na kutumaini mema. Tangu 2000 upo mwongozo rasmi unaozitaka kampuni zizuie pakiti zenye anwani zisizokuwa za wateja wao, kwa lengo la kukomesha udanganyifu, na pakiti hiyo halali itaangamizwa pamoja na za wadanganyifu bila taarifa kwa yeyote. Ikiwa katikati kuna fayawoli, kifaa cha ulinzi kinachokumbuka kila mazungumzo yaliyoanzia ndani, jibu linalorudi kwa mlango tofauti na ule swali lilipotokea huonekana geni na kukataliwa. Kwa hiyo sera nzuri hufungamana na utaratibu wa kubadilisha anwani: kila mlango wa kutokea huivalisha pakiti anwani ya kampuni ya mlango huo, na jibu hurudi palepale kwa kufuata anwani hiyo. Fundi anayechora mishale ya kwenda peke yake kwenye karatasi yake amechora nusu ya mtandao.

Limebaki suala la kiungo kinachokufa huku taa yake ikiendelea kuwaka. Swichi hujua kwamba waya umechomolewa, lakini haijui kwamba mkongo umekatika kilomita mia kadhaa mbele ya jirani, na kifungu cha sera kitaendelea kumkabidhi jirani huyo pakiti ambazo hana pa kuzipeleka. Dawa yake ni mlinzi, yaani agizo la kutuma pakiti ndogo ya kuulizia kila baada ya sekunde chache, na kukiondoa kituo hicho katika sera majibu yanapokosekana mara kadhaa mfululizo, ili pakiti zirejee kwenye jedwali. Mlinzi huyo naye anahitaji kufikiriwa. Akimwulizia jirani wa karibu, ataambiwa kila kitu ni salama hata kama dunia yote ng'ambo ya jirani imezimika. Akiulizia seva moja ya mbali, matengenezo ya seva hiyo yatazimisha kiungo kilicho kizima. Na asipofungwa kwenye kiungo anachokichunguza, kwa mstari mahususi katika jedwali, pakiti yake itatokea kwenye kiungo kingine kinachofanya kazi, ataleta habari njema juu ya njia ambayo hakuipita, na sera haitahama kamwe. Mafundi waangalifu huchagua sehemu mbili au tatu za kuulizia zilizo nje ya kampuni ya huduma, na huhesabu kiungo kuwa kimekufa pale tu zote zinaponyamaza.

Kurudi nako hupangwa. Kiungo kilichokatika mara nyingi husimama, kikaanguka tena, kikasimama, na kama sera itakifuata kila kinapoamka, kila uhamisho utabadilisha anwani ambayo pakiti zinavalishwa zinapotokea, fayawoli itayaona mazungumzo yaliyokuwapo kuwa mageni, na picha iliyokuwa imefika nusu kwa bingwa italazimika kuanza upya. Kwa hiyo huwekwa muda wa subira, ambao kiungo lazima kikae kizima bila kukosa jibu hata moja kabla ya kurudishiwa kazi, na mafundi wengi huona ni heri picha zipite njia ya kawaida kwa dakika kadhaa za ziada kuliko kuhamishwa mara tano ndani ya saa moja.